Bao moja, kanuni nyingi: jinsi mchezo unavyobadilika kutoka pwani hadi Ziwa Victoria

Msikilizaji, chukua watu watatu wanaojua bao. Mmoja amekulia Zanzibar, wa pili Kampala, wa tatu kijiji cha Usukumani. Waketishe kwenye ubao mmoja hapa Mkuyuni, chini ya kivuli, na kila mmoja umwambie acheze kama alivyofundishwa na wazee wake. Kabla ya zamu ya tatu watakuwa wanabishana. Wa Zanzibar atauliza nyumba iko wapi. Wa Kampala atashangaa kwa nini kete za safu ya nyuma haziliwi. Msukuma atawaambia kwamba kwao mchezo unaitwa isolo na hauchezwi hivyo.

Hakuna anayedanganya hapo. Wote watatu wanacheza michezo ya ukoo mmoja, lakini kila mahali ukoo huo umekua kwa njia yake. Swali la "kanuni sahihi ya bao ni ipi" hutufikia mara nyingi kwenye ujumbe wa simu, hasa baada ya mtu kufungwa na mgeni. Makala hii inaeleza tofauti kubwa kati ya aina za bao zinazokutana huku kwetu ziwani, na kila tofauti inambadilishia nini mchezaji. Mwishoni kuna orodha ya mambo ya kukubaliana kabla hamjaanza.

Vijana wanaocheza michezo ya hadithi kwenye simu na kompyuta wanalijua jambo hili. Mchezo wa Final Fantasy ulianza Japani mwaka 1987, na mchezaji alisubiri zamu yake ndipo apige. Katika sehemu ya 16, iliyotoka mwaka 2023, mapigano yanakwenda mfululizo bila kusubiri zamu. Jina ni lile lile, lakini aliyezoea sehemu ya kwanza akishika ya 16 lazima ajifunze upya. Bao nalo liko hivyo, ila lenyewe halikubadilishwa na kampuni. Limebadilishwa na wachezaji wenyewe, kizazi baada ya kizazi.

Yale yasiyobadilika

Tuanze na yanayofanana, maana ndiyo yanayotufanya tuseme huu ni ukoo mmoja.

Ubao una safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Jumla ni mashimo 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake: safu ya mbele, inayotazamana na ya mpinzani, na safu ya nyuma, iliyo karibu na magoti yake. Kete ni 64, yaani 32 kwa kila mmoja. Pwani hutumia komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Asiye na komwe hutumia kokoto, na asiye na ubao huchimba mashimo ardhini.

Mchezaji huchukua kete zote za shimo moja na kuzisambaza moja moja kwenye mashimo yanayofuata, akizunguka upande wake mwenyewe tu. Havuki kwenda kwa mpinzani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mambo yanaendelea: ama unakula, ama unazichukua zote zilizomo na kuendelea kusambaza. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Wachezaji wa pwani husema umelala.

Jambo jingine la muhimu: kete hazitoki ubaoni. Ukila kete za mpinzani zinakuwa zako, na unazisambaza upande wako palepale. Kwa hiyo aliyeliwa leo anaweza kuzirudisha zote zamu inayofuata. Ndiyo maana bao halina mshindi mpaka limalizike.

Bao la kujifunza: mahali pa kuanzia

Pwani, mtoto au mgeni haanzishwi na bao kubwa. Anaanzishwa na bao la kujifunza. Hapa kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo, kwa hiyo mashimo 16 ya kila mchezaji yanabeba kete zake zote 32. Hakuna kete mkononi. Mnaanza moja kwa moja kwa kuchukua kete za shimo lenye mbili au zaidi na kusambaza.

Unakula pale kete yako ya mwisho inapoangukia shimo la safu yako ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo kwenye safu yake ya mbele lina kete pia. Unazichukua zile za mpinzani, unazipeleka kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, na kuanza kuzisambaza kutoka hapo.

Mpinzani akiishiwa kete safu ya mbele, amefungwa, hata kama nyuma anazo nyingi. Amefungwa pia akibaki na kete mojamoja tu kwenye mashimo, kwa sababu shimo lenye kete moja halichezeki.

Faida ya bao hili ni kwamba linafundisha mkono na jicho: kuhesabu mashimo, kuona kete ya mwisho itaangukia wapi. Upungufu wake ni kwamba kila mchezo huanza vilevile, na aliyezoea anaweza kukariri hatua nzuri za mwanzo.

Bao la Kiswahili: kete mkononi na nyumba

Bao la Kiswahili, lile la mafundi wa Zanzibar na mwambao, lina mabadiliko mawili makubwa kutoka bao la kujifunza.

La kwanza ni namua. Mwanzoni ubao hauna kete nyingi. Kila mchezaji anaweka kete 10 tu, na 22 zinabaki mkononi. Kila zamu anaingiza kete moja kwenye shimo la safu yake ya mbele ambalo tayari lina kete. Kama shimo la mbele la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, anakula. Na kama nafasi ya kula ipo, lazima ale. Hana ruhusa ya kuiacha. Kama hakuna cha kula, anatakata: anaingiza kete yake, anachukua zote za shimo hilo na kusambaza kulia au kushoto, na zamu hiyo hatakula chochote hata ikitokea. Kete za mkononi zikiisha ndipo inaanza awamu ya pili, mtaji, inayofanana na bao la kujifunza.

La pili ni nyumba. Ni shimo la 5 kutoka kushoto kwako kwenye safu ya mbele, na kwenye ubao uliochongwa vizuri huwa na umbo la mraba ili lijulikane. Mwanzoni nyumba inawekwa kete 6, na mashimo mawili ya kulia kwake yanawekwa 2 na 2. Hizo ndizo kete 10.

Nyumba ina haki zake. Katika namua, ukiwa unasambaza kete ulizokula na kete ya mwisho ikaangukia ndani ya nyumba yako ambayo bado ni yako, na hapo hakuna cha kula, unachagua mwenyewe: usimame, au uivunje na kuendelea na safari. Shimo lingine lolote lingekulazimisha kuendelea. Kwa hiyo nyumba ni akiba. Mchezaji huikuza taratibu, anaiogopea isiliwe, na anatafuta siku ya kuifungua kwa kishindo. Ikishavunjwa au kuliwa, shimo hilo linabaki la kawaida.

Mfano wa hatua ya kwanza

Tuone jinsi hatua moja inavyoweza kukuweka pabaya. Yahesabu mashimo yako ya mbele kutoka kushoto, 1 hadi 8. Una kete 6 shimo la 5, kete 2 shimo la 6 na kete 2 shimo la 7. Mpinzani amepanga vilevile, lakini yeye ametazama upande wa pili, kwa hiyo kete zake zinatazamana na mashimo yako ya 4, 3 na 2. Nyumba zenu hazitazamani. Kwa hiyo anayeanza hana cha kula, lazima atakate.

Tuseme unaingiza kete kwenye shimo la 6. Sasa lina kete 3. Unazichukua na kusambaza kushoto: moja nyumbani, moja shimo la 4, moja shimo la 3. Shimo la 3 lilikuwa tupu, umelala. Lakini tazama: shimo la 4 sasa linatazamana na nyumba ya mpinzani, na shimo la 3 linatazamana na shimo lake lenye kete 2. Umemtengea chakula mwenyewe, tena mahali pawili.

Sasa fanya kinyume. Kete zile 3 zisambaze kulia: moja shimo la 7, moja shimo la 8, na moja inapinda kwenda shimo la mwisho la safu ya nyuma. Hilo lilikuwa tupu, umelala pia. Lakini safari hii hakuna kete yako inayotazamana na ya mpinzani. Naye atalazimika kutakata, na huenda akakosea yeye. Kete ni tatu zile zile, ila mwelekeo umebadili hali nzima.

Kuna kanuni nyingine inayohusu vichwa. Katika namua, ukila kwenye mashimo ya katikati unachagua kichwa cha kuanzia, cha kulia au cha kushoto. Lakini ukila kwenye mashimo mawili ya mwisho ya upande wowote, yanayoitwa kimbi, huna hiari: lazima uanzie kichwa kilicho karibu. Mafundi hutumia kanuni hii kukulazimisha ule ili ujiharibie mpangilio wako mwenyewe.

Ni mchezo mzito. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden, iliyotoka mwaka 1995, kuhusu umahiri wa mafundi wa bao, akichunguza namna wanavyohesabu kichwani mizunguko mirefu bila kugusa kete. Aliyezoea bao la kujifunza peke yake akikutana na fundi wa namna hiyo, hatashindwa kwa kuwa hana akili. Atashindwa kwa kuwa hajui nyumba.

Omweso: ubao ule ule, kula kwingine

Ukipanda meli ya Bukoba na kuendelea mpaka Uganda, utakuta ubao wa safu 4 na mashimo 8, na kete 64. Utajiona umefika nyumbani. Ngoja kwanza. Huo ni omweso, mchezo unaoheshimiwa sana Buganda, na kanuni zake zinapishana na za pwani katika mambo manne.

Kwanza, mwanzo. Hakuna nyumba wala kete za kuingiza moja moja. Kila mchezaji anapanga kete zake 32 apendavyo kwenye mashimo yake kabla ya mchezo. Kwa hiyo vita huanza hata kabla ya zamu ya kwanza, kwenye mpangilio.

Pili, kula. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, unatazama mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala, la mbele na la nyuma. Yote mawili yakiwa na kete, unakula yote mawili. Moja likiwa tupu, huli kitu. Unachukua za kwako na kuendelea kusambaza.

Hapa ndipo mchezaji wa pwani anapoumia. Kwenye bao la Kiswahili, kete za nyuma haziliwi kamwe. Ukiona hatari mbele, unazikimbiza nyuma. Ukifanya hivyo kwenye omweso unaweza kuwa umejaza mashimo yote mawili na kumpa mpinzani karamu. Mchezaji wa omweso anajikinga kwa njia nyingine: anaacha shimo moja tupu makusudi. Kete 5 mbele na nyuma tupu, ziko salama. Kule shimo tupu ni ngao.

Tatu, kete ulizokula zinaanzia wapi. Pwani huanzia kichwani. Kwenye omweso hurudi mahali ulipoanzia mzunguko ule uliokula, kana kwamba unaurudia kwa kete za mwenzako. Kwa hiyo shimo unaloanzia lina uzito mara mbili.

Nne, mwelekeo. Pwani unaweza kwenda kulia au kushoto. Kwenye omweso kawaida ni kuzunguka upande mmoja tu, kinyume na mshale wa saa. Kuna ruhusa ya pekee: kutoka mashimo 4 ya mwisho upande wako wa kushoto, mawili ya mbele na mawili ya nyuma, unaweza kurudi kinyume ikiwa hatua hiyo inakula moja kwa moja.

Na kushinda? Unashinda mpinzani akikosa shimo la kucheza. Kuishiwa kete mbele peke yake hakumalizi mchezo kama pwani. Lakini upo ushindi wa ghafla unaoitwa emitwe ebiri, yaani vichwa viwili: ukila ncha zote mbili za ubao wa mpinzani katika zamu moja, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama bado ana kete nyingi. Msikilizaji wa Kisukuma atalitambua neno hilo, maana hata sisi kichwa ni ntwe.

Kanuni za omweso ziliandikwa na Mganda mwenyewe, M. B. Nsimbi, katika kitabu kilichotoka mwaka 1968. Kwa sababu hiyo mtu wa leo anayetaka kujua wazee wa Buganda walichezaje ana pa kushika.

Isolo: bao la nyumbani

Usukumani mchezo wa ukoo huu ni isolo. Jina lenyewe lina ndugu kuzunguka ziwa na zaidi: Rwanda wanacheza igisoro. Isolo haina kanuni moja kwa watu wote. Kuna namna ya wasichana, namna ya wavulana, na namna ya wazee. Mtu alikuwa anahama kutoka namna moja kwenda nyingine kadiri anavyokua. Kwa ujumla ni mchezo mwepesi kuliko bao la Kiswahili, na hilo halipunguzi heshima yake. Mchezo mwepesi huchezwa na wengi, na hauhitaji ubao wa kununua.

Tatizo la isolo ni kwamba kanuni zake ziko zaidi vichwani mwa wazee kuliko kwenye karatasi. Bao la Kiswahili limeandikwa, omweso umeandikwa. Isolo ya kijiji chenu, namna mlivyoipanga na namna mlivyokula, inaweza kuwa inajulikana na watu wanne au watano walio hai. Wakiondoka bila kuulizwa, wajukuu watajifunza bao kutoka kwenye simu. Na kwenye simu, mara nyingi watakachokipata si bao.

Mchezo wa kwenye simu ni upi hasa?

Ukitafuta kwenye duka la programu neno mancala, ambalo ndilo wataalamu wa nje hutumia kwa michezo yote ya mashimo na kete, mara nyingi utapata ubao wa safu 2 tu. Kila upande una mashimo 6 na shimo moja kubwa la kuhifadhia pembeni. Huo ni Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940, akiifuata michezo ya kale ya Afrika na Asia.

Kalah ni mzuri kwa watoto, lakini ukizoea huo utachanganyikiwa kwenye bao. Tazama:

Kwenye Kalah, kete zikiingia shimo kubwa hazirudi tena. Kwenye bao hakuna kete inayotoka.

Kwenye Kalah, ukiangukia shimo lako lililo tupu ndipo unapokula kete zilizo mkabala. Kwenye bao, shimo tupu ndipo unapolala.

Kwenye Kalah, mshindi ni mwenye kete nyingi mwishoni. Kwenye bao unaweza kuwa na kete 40 na ukafungwa, kama safu yako ya mbele imekauka.

Afrika Magharibi nako wanacheza kwenye safu 2. Oware ya Ghana ina mashimo 12 na kete 48. Ubao wa safu 4 ni alama ya mashariki na kusini mwa Afrika, na umevuka bahari pia: Oman wanacheza hawalis kwenye safu 4 za mashimo 7. Kwa hiyo ukipakua programu, kagua picha ya ubao kwanza. Safu 2, huo si wetu. Safu 4 na kete mbilimbili kila shimo, hilo ni bao la kujifunza. Safu 4, shimo moja la mraba na kete za kuingiza, hilo ndilo bao la Kiswahili.

Tofauti kwa kifupi

Mwanzo: bao la kujifunza, kete 2 kila shimo. Bao la Kiswahili, kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Omweso, kila mtu anapanga apendavyo.

Zinazoliwa: pwani, za mbele tu. Omweso, za mbele na nyuma kwa pamoja, yote mawili yakiwa na kete.

Zilizoliwa zinaanzia: pwani, kichwani. Omweso, pale mzunguko uliokula ulipoanzia.

Mwelekeo: pwani, kulia au kushoto. Omweso, upande mmoja, isipokuwa kwa ruhusa ya kinyume.

Nyumba: ipo kwenye bao la Kiswahili peke yake.

Kufungwa: pwani, mbele pakiwa patupu au ukikosa cha kucheza. Omweso, ukikosa cha kucheza, au ukipigwa vichwa viwili.

Kabla hamjaketi

Mwanza ni mji wa wageni. Wapo waliokuja kwa samaki, kwa pamba, kwa biashara ya sokoni, kutoka Kagera, Mara, Kigoma, pwani na nchi jirani. Kwenye bao la mtaani ugomvi mwingi hautokani na mtu kuiba kete. Unatokana na watu wawili kucheza michezo miwili kwenye ubao mmoja. Ikiwa kuna soda ya kushindania, ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo ulizaneni maswali haya matano, kwa sauti, mbele ya watazamaji:

1. Tunaanza na kete ngapi kila shimo, na kuna za mkononi?
2. Nyumba ipo au haipo? Kama ipo, ni shimo lipi?
3. Kete za nyuma zinaliwa?
4. Nikiona nafasi ya kula, nalazimika au nina hiari?
5. Mtu anahesabiwa amefungwa lini?

Maswali hayo yanachukua dakika moja. Mkikubaliana, mgeni na mwenyeji wanaweza kucheza mchana kutwa na wakaagana vizuri. Mkitofautiana sana, chezeni mara moja kwa kanuni za huyu na mara moja kwa za yule. Hapo kila mmoja atakuwa amejifunza kitu.

Mzee wako ni kitabu

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama kule Mara, alijulikana kwa kupenda bao, na picha zake akiwa ameinamia ubao zipo. Hakuona kuwa ni mchezo wa wasio na kazi. Alicheza na wazee wa kwao hata baada ya kuwa kiongozi wa nchi.

Wewe uliye na simu unaweza kufanya jambo moja wiki hii. Tafuta mzee anayejua isolo, babu au bibi, maana usisahau kuna namna ya wasichana pia. Msalimie, mwombe, kisha chimbeni mashimo au tumieni ubao uliopo. Washa kamera ya simu iangalie kete, si uso wake kama hapendi. Mwombe acheze mchezo mmoja mzima pole pole na aeleze kila anachofanya: anapanga vipi, anakula lini, kete alizokula anazipeleka wapi, na wao walisema nani ameshinda. Muulize majina ya Kisukuma ya mashimo na ya hatua, usimpe majina ya Kiswahili wewe. Muulize alijifunza kwa nani na alikuwa na umri gani.

Mwishoni taja kwa sauti, kwenye rekodi hiyo hiyo, kijiji chenu na mwaka. Hifadhi nakala mbili, moja kwenye simu yako na nyingine kwa ndugu, kwa sababu simu huibiwa na huanguka ziwani. Kisha cheza naye mara ya pili bila kurekodi. Kuna kanuni ambazo mtu hazikumbuki mpaka azione zikivunjwa, na mzee atakusimamisha pale pale utakapokosea.